Kakakuona wa Cedar Hill na Brashi ya Baba Mdogo

Tangu nirudi, kila anayepita hapa kibandani ananiuliza: ulifika salama? Ulikula nini huko? Baridi yake ikoje? Na nyie wenzangu wa kwenye rangi mnaongeza la kwenu: ulichora? Nimejibu vipande vipande, huyu nikampa nusu na yule robo, halafu mkikutana mnasema Mama Eliya anatia chumvi. Basi nimeamua kuandika yote mara moja. Asomaye amsomee na mwenzake, mimi sirudii tena.

Kwanza lazima mjue jambo moja, na naomba msicheke. Niliondoka hapa na uongo.

Mnamjua mdogo wangu Yona, yule anayefanya kazi ya kompyuta kule Texas, mji wa Cedar Hill, pembeni ya Dallas. Sebuleni kwake ametundika vibao vyangu vitatu vya wanyama. Siku moja alimkaribisha Daktari Zuhura, binti wa Tanga mwenye kliniki ya meno ya watoto huko Sugar Land, jirani na Houston. Daktari akavipenda vile vibao, akanipigia simu. Anataka ukuta wa chumba cha kusubiria uchorwe wanyama.

"Lakini Mama, si simba na twiga," akasema. "Nataka wanyama wa hapa hapa, wale watoto wanaowaona nyuma ya nyumba zao. Unaweza kuchora mnyama kwa kumwangalia?"

"Mbona ndiyo kazi yangu!" nikajibu, tena kwa sauti ya kujiamini.

Jamani, nyie mnajua ukweli. Sisi hatuchori kwa kuangalia. Chui wangu ni chui wa Baba Mdogo, aliyenifundisha kazi, na Baba Mdogo alimpata kwa fundi wake. Madoa yake nayaweka nimefumba macho. Twiga halisi nimemwona mara moja tu, dirishani mwa basi, tunapita Mikumi, na nilimshangaa kwa sababu hakufanana na wangu. Sasa Yona ameshanidhamini kwa mtu mzito, tiketi imelipwa, na mimi sijawahi hata siku moja kukaa nikamwangalia mnyama nikamweka kwenye kibao. Hiyo ndiyo hofu niliyopanda nayo ndege.

Angani

Safari ya kwenda sina mengi ya kusema, maana nilifumba macho karibu yote. Kijana wa Kihindi aliyekaa kando yangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia naomba Mungu. Akafunga mikono yake naye akaomba ya kwao, tukaenda hivyo hivyo.

Kwenye uwanja wa kubadilisha ndege tulikaa saa kumi na moja. Ndege ina hitilafu, wakasema. Mngemwambiaje mtu kama mimi kwamba ndege ina hitilafu, halafu baadaye mumwambie haya, panda? Walitupa mkate baridi wenye jibini na majani. Nilikula majani nikaacha jibini, kisha njaa ikaniuma nikala na jibini. Muda wote huo nilikuwa nimekumbatia mkoba wenye brashi ya Baba Mdogo. Ile mnayoijua, yenye mpini uliofungwa uzi mwekundu. Aliniachia mwenyewe kabla hajafa, na macho yote niliyowahi kuchora, ya chui, ya tembo, ya kanga, nimeyachora nayo. Mizigo mingine ipotee, nilisema, lakini hii ikipotea mimi nimekwisha.

Cedar Hill

Yona alinipokea vizuri, na wifi yangu Grace pia. Grace ni Mnyaturu wa Singida, nesi wa zamu za usiku, kwa hiyo mchana yupo nyumbani, ila amelala. Nyumba ni nzuri. Tatizo ni ukimya. Unaweza kusimama dirishani asubuhi nzima usione mtu anayetembea kwa miguu yake. Nikajiuliza kama watu wenyewe hawaonekani, hao wanyama nitawaonea wapi.

Nilijitahidi. Nilitoka na daftari nikakaa ngazi za nyuma nimevaa makoti mawili. Akaja kindi. Nikaanza kumchora, nikaangalia karatasi, nikakuta nimechora tumbili. Nikaichana karatasi. Akaja tena, nikamchora tena, safari hii akatoka na kope ndefu za twiga wangu. Mkono haunisikilizi, jamani! Macho yanaona hiki, mkono unaandika kile ulichozoea. Siku tatu nilikaa hivyo, kila jioni Yona ananiuliza, "Dada, inakwendaje?" nami najibu, "Vizuri sana," huku nalificha daftari nyuma ya mgongo.

Siku ya nne ilikuwa Jumatano. Jua lilitoka likapasha, na Yona siku hiyo alikuwa anafanyia kazi nyumbani. Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nikaangalia nje, moyo ukanipasuka paa.

"Yona! Grace! Kakakuona!"

Alikuwa anatembea katikati ya majani, mchana kweupe, mgongo umevaa gamba, mkia mrefu, pua chini. Mimi kakakuona nilimwona mara moja nikiwa mtoto, kwetu Mpwapwa. Watu walimbeba hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, wakamwekea mbele unga, maji na mkuki, wazee kwa watoto tukasimama tuone atakwenda wapi. Akienda kwenye unga ni mwaka wa shibe. Maji ni mvua. Mkuki, Mungu atuepushe. Mwaka ule alikwenda kwenye maji, na hata leo sisahau jinsi watu walivyoshangilia.

Grace alitoka mbio na kofia yake ya kulalia, usingizi wote umemwishia. Hakuna aliyemwagiza. Alipita jikoni akachukua sahani ya unga wa ugali, bakuli la maji na kisu cha nyama, kwa kuwa mkuki hatuna.

"Nyie wanawake, hii ni Amerika," Yona akasema. "Majirani wata-call polisi." Lakini nikamwona anaisogeza sahani kidogo kulia. "Msiziweke karibu karibu hivyo. Lazima achague kwa nafasi."

Wakati wanabishana mimi niliingia ndani nikatoka na brashi ya Baba Mdogo. Nikailaza kwenye majani, mwisho wa mstari. Sikumwambia mtu naulizia nini. Moyoni nilisema: akiijia brashi, ukuta wa Daktari nitauweza. Asipoijia, namwambia ukweli leo leo.

Tukajibanza ukutani, watu wazima watatu, tunasubiri. Tulisubiri karibu saa nzima. Yule bwana hana haraka. Anachimba kishimo, anaingiza pua, anakoroma, anakwenda hatua mbili, anachimba kingine. Anatembea kama mtu aliyeangusha sarafu. Nilikuwa namkodolea macho nisije nikapitwa na uamuzi. Nikaona masikio yamesimama kama ya punda, mawili, karibu karibu. Nikaona gamba la katikati limegawanyika mikanda, nikaihesabu, tisa. Nikaona tumbo lina nywele nyeupe chache chache kama za kidevu cha babu. Akasimama kwa miguu ya nyuma akanusa upepo, mikono kifuani, kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Alipita kando ya unga, hakuutazama. Alikanyaga bakuli, maji yakamwagika. Kisu akakiruka. Akaielekea brashi. Weee! Nilimshika Grace mkono hadi akaguna.

Hapo king'ora kikalia. Si cha gari, ni cha mji mzima, kinatoka angani kama siku ya kiyama. Kakakuona akaruka juu, moja kwa moja, miguu yote minne hewani, hadi usawa wa kiuno changu! Akatua, akatimua mbio, akapotelea chini ya kibanda cha zana. Mimi nami nilikimbia. Yona alinikuta bafuni nimejikunja ndani ya hodhi la kuogea, kitaulo kichwani.

"Dada, toka. Ni majaribio tu. Jumatano ya kwanza ya mwezi wanajaribu ving'ora vya kimbunga."

Tulipotoka baadaye kukusanya vitu, sahani ilikuwepo, bakuli lilikuwepo, kisu kilikuwepo. Brashi haikuwepo. Tulipekua majani kwa mikono hadi jua likazama. Niseme wazi, nililia.

Vickery Meadow

Kesho yake asubuhi Yona alinipeleka Vickery Meadow, upande wa pili wa Dallas, kwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa anakwenda Houston kumwona dada yake, anichukue hadi kwa Daktari. Kule roho ilinitulia kidogo. Kuna watu! Maghorofa yamebanana, wanawake wamebeba watoto mgongoni, watu wanatembea kwenda kituo cha treni, huyu anaongea lugha hii na yule ile. Mama Furaha anafanya kazi ghala la mizigo, ana mabega ya mtu anayenyanyua vitu kweli. Tulikubaliana kuondoka saa tatu. Tuliondoka saa saba. Kwanza jirani alitaka kupelekwa hospitali, kisha ufunguo wa gari ukapotea, kisha akasema hatuwezi kusafiri na njaa, akapika ugali na sombe, yaani kisamvu, yenye samaki mkavu. Nilikula vizuri, nikaona aibu kwa jinsi nilivyokula.

Njaa ilipopungua nikamsimulia habari ya kakakuona. Akaacha tonge hewani. Kwao mnyama humwita nyama.

"Mama, ile haiko kakakuona. Kakakuona yetu iko na magamba, na haina masikio ya vile. Ile ni nyama ya hapa. Wenzangu ba kazi banasemaka inabebaka ukoma."

"Inabeba nini?"

"Ukoma. Uliigusa?"

Sikuigusa. Lakini nilikuwa nimepekua majani yake kwa mikono mitupu. Niliinuka nikanawa kwa sabuni ya vyombo, nikarudi nikakaa, nikainuka nikanawa tena. Mama Furaha alicheka hadi akajifuta machozi, akasema ugonjwa wenyewe hauji kwa majani namna hiyo. Haikunisaidia. Nilipotulia ndipo la pili likaniingia. Kama si kakakuona, basi nilimuuliza swali mnyama asiyehusika, na nimepoteza brashi bure.

Barabara ya Houston

Wanasema ni mwendo wa saa nne. Kwetu zilikuwa saba. Njia ni pana, malori makubwa pande zote mbili, na Mama Furaha anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili anaupiga nao kifua kusisitiza habari. Nilibonyeza breki za upande wangu, ambazo hazipo, hadi mguu ukafa ganzi.

Katikati ya njia tukakuta foleni ya ajali, mvua ikaanza. Mama Furaha akapata nafasi ya kuniuliza lililokuwa linamkaa moyoni.

"Mama, dada yangu anataka nyumba yake ipakwe rangi ya maziwa ndani yote. Siku mbili zitakutoshea?"

Kumbe muda wote alidhani mimi ni fundi wa kupaka rangi nyumba! Nikamweleza mimi nachora wanyama, ila kuwachora kwa kuwaangalia ndiko kunanitisha. Akafikiri.

"Sasa kama unachoraka nyama, juu ya nini unaogopa kuiangalia?"

Yaani ni kwa nini naogopa. Nikasingizia breki.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta kikubwa kuliko soko letu. Humo ndani wanauza nyama ya kukaushwa, mito ya kulalia na peremende. Nilikwenda chooni kunawa mikono mara ya sita. Nje, kwenye maegesho, ndege weusi walikuwa wamejaa mamia, weusi wa kung'aa kama mafuta ya taa kwenye dimbwi, mikia mirefu, wanagombania vipande vya viazi vya kukaanga chini ya magari. Mmoja alisimama mbele yangu akaniangalia kwa jicho la njano. Juu ya mnara wa simu tumbusi walikaa wametanua mabawa wayaanike baada ya mvua. Sikutoa daftari. Nilisimama tu na kikombe cha chai isiyo na ladha hadi Mama Furaha akapiga honi.

Sugar Land

Ukuta ni mrefu hatua kumi na mbili za kwangu. Daktari Zuhura alinikaribisha kwa heshima zote, akanilaza chumba chenye kitanda cha watu watatu. "Mama, Jumamosi ya wiki ijayo nimealika wazazi na watoto. Nime-promise kila mtu," akasema. Duka la rangi likaniletea brashi ishirini mpya, laini, hazijui kitu.

Siku ya kwanza nilichora kindi, akawa tumbili. Nikapaka nyeupe juu yake. Siku ya pili nilichora yule mnyama wa Cedar Hill, nikarudi nyuma kumtazama, nikakuta chui mwenye gamba. Jicho ni la chui, madoa yameanza kutokea mabegani. Nikapaka nyeupe. Siku ya tatu nilikaa chini nikauangalia ukuta mweupe tangu asubuhi hadi mchana, nawaza Yona atauweka wapi uso wake.

Daktari akaingia akanikuta sakafuni.

"Mama, kuna tatizo?"

Nikasema. Nilisema yote, kwamba nilimdanganya, kwamba sijawahi kuchora kwa kuangalia, kwamba wanyama wangu ni wa marehemu na brashi ya marehemu imepotea Cedar Hill. Nilisema nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chupa ya chai.

Nilitaka anigombeze. Akasema kwa upole, "Basi Mama, chora tu simba na twiga wako. Watu watafurahi. Hakuna atakayejua."

Angenipiga kofi nisingeumia hivyo. Nilijua kweli watafurahi, na siku moja na nusu inanitosha kuwajaza simba ukuta mzima. Niliinuka nikachanganya njano ya simba. Nikashika brashi mpya, nikaisogeza ukutani, na mkono ukatulia kabisa kwa mara ya kwanza tangu nije, kwa sababu njia unaijua. Hapo ndipo nikapandwa na hasira. Nilijikasirikia mwenyewe. Nimevuka bahari na roho mkononi, nimelia, nimenawa mikono hadi imechubuka, nije nimchore yule yule simba?

Nikamwita Daktari. "Mwanangu, kaa hapo. Usiondoke. Nakusimulia kitu."

Nikaanza kumsimulia ile Jumatano, na nilipokuwa nasimulia nikawa nachora. Sikuuliza mkono unamjuaje. Alikuwa anatembea katikati ya majani hivi, pua chini. Masikio ya punda, mawili, karibu karibu. Mikanda, nikamhesabia, tisa. Hapa akachimba. Hapa akasimama akanusa, mikono kifuani. Kila nilipokwama nilirudi nikajibanza kwenye ukuta wa Yona, nimemshika Grace mkono, nasubiri, na nilichokuwa nakitafuta nikakikuta. Saa nzima nilimwangalia kiumbe yule kuliko nilivyowahi kumwangalia mtu yeyote, hata marehemu mume wangu, na sikujua kwamba namwangalia. Nilidhani nasubiri jibu.

Mwishowe akawa ameenea ukuta mzima, yeye yule yule mara tano, anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, na wa mwisho yuko hewani miguu yote minne. Kati yake nikaweka unga, maji na, kwa kuwa kisu hakifai mbele ya watoto, nikaweka mswaki. Mwisho wa mstari nikaweka brashi yenye uzi mwekundu. Ndege weusi wakapata nafasi juu, tumbusi wakapata mnara wao. Jicho la yule ndege ni la njano, si la chui.

Jumamosi chumba kilijaa. Nilijificha nyuma ya jokofu la maji. Watoto walifuata ukuta kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho, wakarudi wakaanza tena. Binti mmoja, wa miaka sita hivi, mama yake Mkenya, alisema kitu kwa Kiingereza, watu wote wakageuka kunitafuta.

"Anasema huyo anakaa kwao nyuma ya nyumba," Daktari akanitafsiria. Macho yake yalikuwa mekundu. "Anauliza, mwishowe alichagua nini?"

Nikasema sijui, king'ora kililia.

Kurudi

Nilirudi Cedar Hill siku mbili kabla ya ndege. Yona alinipokea anacheka cheka, hanipi hata nafasi ya kuvua koti.

"Njoo uone, Dada."

Akanipeleka nyuma, kwenye kibanda cha zana. Chini yake kuna shimo, na mdomoni mwa shimo majani makavu yamesokotwa. Anasema yule mnyama hukusanya majani ya kulalia, anayakumbatia kifuani anarudi nayo kinyumenyume. Grace amemwona. Yona akawasha tochi ya simu, nikapiga magoti, nikachungulia. Ndani kabisa, katikati ya majani, nikaona uzi mwekundu.

Yona akakunja mkono wa shati aivute.

"Iache," nikasema.

"Dada! Si umeililia wewe?"

"Nimesema iache. Ameshachagua."

Kwa hiyo mkinitafutia brashi ya Baba Mdogo kwenye kopo lake, msihangaike. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza kitu kimoja, kwamba mpini wake una kibanzi upande mmoja, na sikuwahi kuusugua. Nilipofika tu nilimpigia Yona amwambie Grace awe anachungulia, kisije kikamchoma yule bwana.

Na mnaoniuliza kwa nini kile kibao cha twiga kimekaa wiki ya pili hakina kichwa, jibu ndilo hilo. Mkono unataka kuweka kichwa cha siku zote na mimi naukatalia. Jumamosi napanda basi lile la kupita Mikumi, na safari hii nashuka. Naogopa. Nasikia twiga ana teke la kuua simba. Nani ananisindikiza?